Kukwazika ni haki yako, kunifunga mdomo sio

Siku hizi kila mtu anasema "uhuru wa kusema una mipaka yake", anasema mwanasiasa, anasema kiongozi wa dini, anasema hata kijana aliyekasirishwa na posti ya mwenzake, sasa muulize mipaka yenyewe ni ipi. Atababaika wee, halafu mwishowe atakwambia ni pale unapomkwaza mwenzio. Mi hapo ndo nakataa. Mipaka ipo, sibishi, tena mingine ningependa ilindwe kwa ukali zaidi kuliko ilivyo sasa, ila kukwazika kwa mtu sio mpaka, haijawahi kuwa na haiwezi kuwa.

Naomba nieleweke lakini, sisemi maneno hayaumi. Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa, sawa, mfupa hayavunji, ila kuna vitu vingi ndani ya mtu zaidi ya mifupa. Nina rafiki ana kigugumizi, siku moja kwenye kikao cha kazi alikuwa anaeleza jambo lake, jamaa mmoja pembeni akaanza kumuiga, anarudia silabi ya kwanza vilevile anavyoirudia yeye, na watu wakacheka. Rafiki yangu hakumalizia ile sentensi. Alipanga karatasi zake taratibu akaziweka kwenye faili akakaa, na kikao chote kilichobaki hakusema tena neno. Hilo ni jeraha kabisa na asije mtu kuniambia ni utani tu. Lakini sasa angalia kilichofuata, dada mmoja alisimama palepale akamwambia yule jamaa amekosa adabu na aombe radhi mbele ya wote kama alivyomdhihaki mbele ya wote, na wengine wakaunga mkono, na akaomba, sauti ya chini kabisa. Polisi hakuitwa, kifungu cha sheria hakikutajwa. Watu walitumia uhuru uleule wa kusema kumrudisha mtu kwenye mstari, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya maudhi ya duniani dawa yake ni hiyo.

Sheria ni kitu kingine kabisa maana nyuma ya sheria kuna pingu. Sasa ukiifanya hasira ya msikilizaji ndo kipimo cha kosa, utampima vipi msemaji? Maneno yaleyale leo yanamchekesha huyu na kesho yanamliza yule, mimi ninayesema nitajuaje kabla sijafungua mdomo kama nimevunja sheria? Halafu tuwe wakweli, mkuki kwa nguruwe kwa binadamu mchungu, mtu anayedai imani yake isiguswe kabisa ndo huyohuyo anayehubiri kwa spika kwamba imani ya jirani yake ni upotofu, na yeye hilo haliiti tusi, analiita ukweli.

Uingereza walikuwa na sheria ya utulivu wa umma ya mwaka 1986 ambayo kifungu chake cha 5 kilihesabu hata maneno ya matusi tu kuwa kosa. Mwaka 2005 pale Oxford mwanafunzi mmoja akiwa ametoka kunywa akamwambia polisi aliyepanda farasi kwamba farasi wake ni shoga, akakamatwa, akapigwa faini ya pauni 80, akakataa kulipa, na baadaye kesi yenyewe ikafutwa. Unaweza kucheka ila usiku ule kijana alilala mahabusu kwa ajili ya farasi. Mwaka 2013 bunge lao likaliondoa lile neno la matusi kwenye kifungu hicho, na nchi haikuporomoka.

Mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ilishaliona hili mapema, mwaka 1976, kwenye kesi ya Handyside, mchapishaji aliyetiwa hatiani kwa kitabu cha wanafunzi ambacho wakubwa walikiona kichafu. Kesi yenyewe alishindwa, ila ndani ya hukumu ile majaji waliandika jambo ambalo mpaka leo linatumika, kwamba uhuru huu hauhusu tu mawazo yanayopokelewa vizuri, unahusu pia yale yanayoudhi, yanayoshtua na yanayoisumbua serikali au kundi lolote la watu. Ukifikiria utaona hakuna namna nyingine, maana maneno ambayo hayamuudhi yeyote hayajawahi kuhitaji kulindwa.

Sasa mpaka wa kweli uko wapi? Uko Rwanda 1994, kwenye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ile redio ya RTLM haikuwa inaudhi watu, ilikuwa inasaidia kuwaua. Watangazaji walikuwa wanasoma majina ya watu, wanataja walikojificha, wanataja hadi namba za magari ili wanaokaa kwenye vizuizi barabarani wajue gari gani wasilipitishe. Hebu fikiria uko kwenye gari hilo na redio imewashwa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu, wawili waliohusika na redio hiyo na mmoja mwenye gazeti la Kangura, na mtu akiniletea hoja ya uhuru wa kujieleza kuwatetea wale mi simsikilizi hata dakika moja. Pale neno na panga vilikuwa kazi moja.

Kwa hiyo swali sio nani kaumia moyo, swali ni neno hili linaenda kufanya nini, kwa nani, na lini. Mwingereza mmoja, John Stuart Mill, alitoa mfano mzuri mwaka 1859: ukiandika gazetini kwamba wafanyabiashara wa nafaka wanawaua maskini kwa njaa hiyo ni hoja, usizuiwe, ila ukiyapiga kelele maneno hayohayo mbele ya umati wenye hasira uliojaa mlangoni kwa mfanyabiashara huyo, hapo unastahili adhabu. Maneno hayajabadilika hata herufi, kilichobadilika ni umati na mlango. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1969 kwenye kesi ya Brandenburg ilifika karibu na hapohapo, uchochezi ni ule uliokusudia vurugu za papo hapo na unaoelekea kweli kuzileta. Kumsingizia mtu uongo ukamharibia jina nako ni suala lingine, lina mahakama zake za madai na lina kitu cha kuthibitisha, sitaki kulichanganya hapa.

Kesi inayoninyima usingizi ni ya Skokie. Miaka ya 1977 na 1978 kikundi cha Wanazi wa Marekani kilitaka kuandamana kwenye mji huo karibu na Chicago, mji ambao waliishi Wayahudi wengi walionusurika kambi za mauaji za Hitler, watu waliopoteza wazazi na watoto kule. Na wakili aliyewatetea Wanazi, David Goldberger, alikuwa Myahudi mwenyewe! Chama chake cha kutetea haki kilipoteza wanachama wengi kwa sababu hiyo. Mahakama ikasema waruhusiwe, ingawa mwishowe hawakuandamana Skokie, walienda Chicago. Nimeifikiria sana hii na sina jibu linaloniacha na amani, wale wazee maumivu yao sio ya kuambiwa "vumilieni", na Ujerumani ambako kukana mauaji yale ni kosa la jinai siwalaumu, wanajua walichokifanya. Ila bado nasimama na Goldberger, kwa sababu kifungu ambacho mji ule ungekitumia kuwazuia Wanazi, mji mwingine ungekitumia keshoyake kuwazuia watu weusi wanaodai haki zao, na watu weusi walishazuiwa hivyohivyo miaka ya nyuma kwa kisingizio cha kuchafua amani.

Kitu kingine kinachonitisha ni pale vitisho vinapolipa. Mwaka 2015 watu 12 waliuawa kwenye shambulio la Charlie Hebdo pale Paris, gazeti la dhihaka lililokuwa limechapisha vikatuni vya Mtume Muhammad, na bado kuna waliosema "lakini na wao walichokoza". Denmark ilifuta sheria yake ya kukufuru mwaka 2017, halafu Desemba 2023 ikapitisha nyingine ya kuzuia watu kuchoma vitabu vitakatifu hadharani. Mi kuchoma kitabu ambacho mwenzangu anakibusu kabla ya kukifungua naona ni uovu, siwezi kufanya na anayefanya simheshimu. Ila sheria ikija kwa sababu watu wametishia usalama, kila kundi linajifunza kwamba ukitaka kusikilizwa tisha, na waliokwazika wakalia kimya nyumbani hawatatungiwa sheria na mtu.

Maana hapo ndo kwenye kiini chote, anayefanikiwa kuifanya hasira yake kuwa sheria mara nyingi sio mnyonge. Mwenye kigugumizi hana mwendesha mashtaka, ila mwendesha mashtaka akiudhika anaye, ni yeye mwenyewe. Burkina Faso mwaka 2012 mwandishi Lohé Issa Konaté aliandika kwenye gazeti lake akimtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali kwa rushwa, bwana yule akaona kadhalilishwa, Konaté akafungwa miezi 12 na gazeti likafungiwa miezi sita. Alipeleka kesi mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, na Desemba 2014 majaji wakasema kumfunga mwandishi kwa ajili ya hilo ilikuwa ni kukiuka haki yake. Alishinda kesi, ila kile kifungo alikuwa ameshakimaliza zamani.