Staringi Amekufa Mapema

Busia, Jumapili usiku

Kila aliyekulia kwenye kibanda cha video anajua kwamba staringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungwa kamba na kumwagiwa petroli, lakini picha ikiisha lazima awe amesimama na maadui wote wako chini. Ndiyo maana jana usiku mwigizaji Ryan Gosling alipoanguka kutoka dirishani na asiinuke tena, hakuna aliyehuzunika. Watu walidai pesa zao.

Picha yenyewe ni The Place Beyond the Pines, ya mwaka 2012, ya mwongozaji Derek Cianfrance. Mambo yanatokea Schenectady, mji ulioko jimbo la New York. Kijana anaitwa Luke, ndiye huyo Gosling, kazi yake ni kuendesha pikipiki ndani ya tufe la chuma kwenye maonyesho yanayohama mji hadi mji. Siku moja anagundua kwamba Romina, msichana aliyepita naye mwaka uliotangulia, amemzalia mtoto wa kiume. Anaacha kazi palepale. Hana akiba, hana ujuzi mwingine ila pikipiki, basi anaanza kuiba benki. Askari mchanga anayeitwa Avery Cross, yaani Bradley Cooper, anamfukuza mpaka ndani ya nyumba ya watu na kumuua. Cross naye ana mtoto mchanga wa kiume. Kisha picha inaruka miaka 15, na wale watoto wawili wanakutana shuleni bila kujuana.

Nakala aliyoipata mwenye kibanda haikuwa na VJ, yaani mtu anayetafsiri na kusimulia juu ya sauti ya picha. Tumezoea VJ Jingo na VJ Junior watueleze kila kitu kwa Luganda, hata mawazo ya mhusika ambayo mwenye picha mwenyewe hakuyafikiria. Jana mwenye kibanda alishika kipaza sauti akatafsiri mwenyewe kwa Kiswahili chetu hiki cha mpakani, na alipoona watu wanasimama kudai pesa alisema neno moja lililowarudisha kwenye mabenchi: "Kaeni! Mtoto wake atalipiza."

Wakakaa. Wengi wao ni vijana wa steji, bodaboda, na mpaka hapo walikuwa wameipenda picha kuliko maelezo. Lile tufe la chuma, pikipiki tatu zikipishana ndani yake kama nyuki kwenye chupa, liliwafanya wapige miluzi. Ujanja wa wizi wenyewe uliwafurahisha zaidi: Luke anatoka benki, anakata kona, fundi anayeshirikiana naye anamsubiri na lori, pikipiki inapanda ubao moja kwa moja hadi ndani, mlango unafungwa, polisi wanapita. Kijana mmoja alisema hapa Busia usingewezekana, kwa sababu lori lenyewe lingekuwa limekwama kwenye foleni ya forodha tangu juzi. Mwingine alitaka kujua ni pikipiki ya aina gani. Hakuna aliyesema kwamba kuiba benki ni vibaya. Walichomlaumu Luke ni tamaa ya kutaka benki mbili kwa siku moja.

Kulikuwa na swali lingine kutoka benchi la nyuma: kwa nini asipime DNA kwanza? Tulicheka, lakini Mganda yeyote anajua swali hilo limetoka wapi. Mwaka 2023 nchi nzima ilishikwa na homa ya vipimo vya DNA. Maabara ya serikali ya Wandegeya ikawa inatajwa redioni, kwenye taksi, kanisani na msikitini, wanaume wakawatazama watoto wao masikio na vidole vya miguu. Luke hakutazama kidole. Aliambiwa ni wako, akaamini, na ndani ya wiki chache alikuwa amekwenda kwenye nyumba ya mwanamume mwingine kumuunganishia mtoto kitanda. Mwenye nyumba alipomwambia aondoke, akampiga na spana kichwani.

Huyo mwenye nyumba nitamrudia.

Nilikuwa nimekaa karibu na Afande. Ni mzee aliyestaafu polisi, aliyetumia miaka mingi ya ndoa yake kwenye mama ingia pole, vile vibanda vya bati vya kambini ambavyo mtu akinyoosha miguu anagonga sufuria. Kiswahili chake ni kile cha kambi, kikavu, kisicho na salamu ndefu. Picha nzima hakusema kitu mpaka ile sehemu ya mlango. Mnaikumbuka mlioiona: Luke amejifungia chumba cha juu, anazungumza na Romina kwa simu, anamwomba asimwambie mtoto habari zake. Cross anavunja mlango na kufyatua kwanza. Luke, akianguka, anampiga risasi ya mguu. Hospitalini Cross anapoulizwa nani alianza, anajibu kwamba ni marehemu.

"Pale mlangoni simlaumu," Afande alisema. "Mlango ukifunguka mbele yako, na mtu ana bastola, hakuna anayehesabu moja, mbili. Kosa lake liko kwenye maelezo. Ameandikisha uongo, ameweka sahihi. Sasa uongo huo ndio umempa medali."

Nikamuuliza vipi kuhusu wale askari wenzake walioingia nyumbani kwa Romina bila kibali, wakachukua pesa za wizi kutoka kwenye kitanda cha mtoto na kumpa Cross fungu lake. Cross anakwenda kuwashtaki na anatumia ushahidi huo kujipatia cheo kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka. Afande alikaa kimya kidogo. Alisema mtu anayewataja wezi amefanya sawa, na mtu anayeuza majina ya wenzake kwa cheo ni mtu wa kuogopwa, na kwamba tatizo la picha ni kuwa hao wawili ni mtu mmoja. Sijasikia uchambuzi mzuri kuliko huo, na mzee yule hajawahi kusoma uhakiki wowote wa filamu.

Mama anayeuza chapati mlangoni, ambaye huangalia picha kupitia upenyo wa turubai bila kulipa na hakuna anayethubutu kumdai, yeye aligombana na Romina. Cross anampelekea zile pesa, Romina anazikataa. "Angezichukua!" Mama alisema kwa sauti ya watu wote. "Pesa haina kosa. Mwanaume ameshakufa kwa ajili yake, mtoto hana viatu, wewe unakataa unamfurahisha nani?" Vijana wakamwambia ni pesa ya damu. Akawajibu kwamba unga nao hununuliwa na pesa, na dukani haulizwi imetoka wapi. Mimi niko upande wa Romina, ila sikufungua mdomo, kwa sababu chapati zake huwa nachukua kwa mkopo.

Basi ikaja sehemu ya tatu, ile ya watoto, na hapa picha inalegea. Wakosoaji wengi waliisema vibaya sehemu hii ilipotoka, na nakubaliana nao kwa kiasi fulani. Kukutana kwa wale vijana ni kwa bahati mno. AJ, mtoto wa Cross, amechorwa kwa mkono mzito: mlevi wa vidonge, mkorofi, anazungumza kana kwamba ana viazi mdomoni. Jason, mtoto wa Luke, ni mpole na amejikunja. Anapojua nani aliyemuua baba yake, anatafuta bastola, anampiga AJ, anamteka Cross mpaka msituni na kumpigisha magoti. Kibanda kizima kilikuwa kimesimama. Hii ndiyo waliyoahidiwa. Cross akalia, akaomba msamaha. Jason akachukua pochi yake, akakuta mle ndani picha ya Luke, Romina na yeye mwenyewe akiwa mtoto mchanga, picha ambayo Cross ameihifadhi miaka yote hiyo. Akamwacha hai, akaondoka.

Hapo ndipo pesa zilipodaiwa mara ya pili.

Ubishi uliofuata uligawanya watu vizuri. Wengine walisema kijana ni mwoga, damu ya baba yake imepotea bure. Wengine walisema hapana, mtoto wa nyoka ni nyoka, si alishika bastola? Si aliiba? Si anamalizia picha kwa kununua pikipiki na kutokomea, kama babaye? Nadhani hata Cianfrance yuko kwenye benchi hilo. Picha yake inapenda sana damu, inataka tuone kwamba baba aliyekufa anamwongoza mwanawe kutoka kaburini.

Mimi nilitaka kujua ni nani aliyemfundisha Jason kushusha bastola. Luke asingeishusha. Sasa turudi kwa yule mwenye nyumba, aliyepigwa spana. Anaitwa Kofi. Amechezwa na Mahershala Ali, ambaye miaka michache baadaye alichukua Oscar mbili, ya kwanza akiwa amecheza mtu anayemwokota mtoto wa mwenzake. Humu amepewa dakika chache tu. Anamchukua Romina na mtoto asiye wake, anavunjwa kichwa ndani ya nyumba yake, anamlea mtoto mpaka anakuwa kijana, na kijana anapotaka kujua baba yake halisi ni nani, ni Kofi anayemtajia jina. Fikiria hilo. Muda wote mwenye kibanda hakumpa hata jina. Luke alikuwa "Tatuu", Cross "Afande", ambalo lilimkera Afande wetu. Kofi alikuwa "yule bwana wa Romina".

Hivyo ndivyo alivyoitwa pia Mzee aliyenilea mimi: bwana wa mama yangu. Alikuwa utingo wa malori, baadaye akawa na kibanda cha kuziba pancha. Kadi zangu za shule alizitia sahihi kwa kalamu ya risasi, polepole, ulimi umetoka pembeni. Baba mzazi alipofariki, ukoo uliniita kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume na udongo wa kwanza ulikuwa wangu. Mzee alinipakia nyuma ya baiskeli na kilo moja ya sukari ya matanga. Tulipofika aliegemeza baiskeli kwenye mwembe, pale boma linapoishia, akabaki hapo mpaka shughuli ikaisha. Wajomba na mashangazi walinishika kichwa wakasema nimefanana na marehemu kama sarafu. Sikumwona hata mmoja akimpelekea maji.

Jana sikuyasema hayo kibandani, si mahali pake. Nilisema tu kwamba yule mweusi ndiye baba kwenye picha hii. Kijana mmoja akanijibu kwa heshima kwamba kaka, kulea ni kulea, lakini ukoo ni ukoo, na siku ya kurithi shamba utajua tofauti. Anajua anachosema. Kesi za mashamba huku kwetu nyingi huanzia hapo hapo. Nikamuuliza: na AJ je? Ana baba wa damu, yuko hai, jina lake liko kwenye mabango ya uchaguzi, na hajui mwanawe amekula nini wala amemeza nini. Akasema huyo ni mtoto wa tajiri, hesabu yake ni nyingine.

Kilichotufikisha karibu na usiku wa manane kilikuwa pikipiki ya mwisho. Jason anamlipa mwenye nayo, anapanda, anaondoka. Vijana wa steji walilikataa hilo kwa umoja ambao sijawahi kuuona, hata kwenye mkutano wa sako yao. Gia amezijulia wapi? Mtu wa kwanza kushika klachi lazima azimike, lazima arukeruke, lazima aingie kwenye kibanda cha mtu. Mkubwa wa steji akasimama kabisa: "Damu haimfundishi mtu klachi!"

Nikaona nimepata shahidi. Nikawaambia kwamba kijana yule picha nzima tumemwona juu ya baiskeli, na baiskeli lazima alifundishwa na Kofi, hata kama hawakutuonyesha. Na boda zote hizi za Busia zilianza kwa baiskeli.

"Baiskeli haina klachi, mwalimu," akasema mkubwa wa steji, na mwenye kibanda akazima jenereta.