Siku ambazo kifundo hakiumi

Mikindani, msimu wa korosho

Kifundo changu cha mguu wa kushoto hakijauma tangu pepo za kusi zilipokoma, na ndiyo maana naona huu ndio wakati wa kuandika juu ya gauti, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma ghafla. Mtu aliyeshikwa na maumivu hana haja na maelezo, anataka nafuu tu. Yakishapoa husema amepona, akarudi kwenye shughuli zake. Lakini gauti iliyonyamaza haijaondoka.

Chanzo chake ni asidi ya yuriki, taka inayopatikana mwili unapovunja purini, yaani kemikali za asili zilizomo katika seli zetu wenyewe na katika baadhi ya vyakula. Kazi kubwa ya kuitoa hufanywa na figo. Zikishindwa kutoa ya kutosha, asidi hiyo hurundikana katika damu, na ikipita takriban miligramu 6.8 kwa desilita huweza kuanza kuganda kuwa fuwele, kama chumvi inavyoganda katika mabwawa ya pwani yetu maji yanapokolea. Viungo vya miguu, ambako mwili una ubaridi zaidi, ndivyo vinavyoathirika kwanza: kidole gumba, kifundo, katikati ya wayo. Kinga ya mwili inapozishambulia fuwele hizo, mara nyingi usiku, kiungo huvimba, ngozi ikakaza na kung'aa, na joto lake ukalihisi kabla hujaligusa. Usiku kama huo mke wangu huondoa hata kanga miguuni pangu, kwa kuwa siwezi kustahimili uzito wake.

Kwa baba yangu mkubwa niliona ugonjwa huu unakofika usipotibiwa kwa miaka mingi. Alikuwa na vinundu vigumu kando ya kidole gumba na kwenye ukingo wa sikio, na kimoja kilipopasuka kilitoa unga mweupe uliolowa, ambao ndio fuwele zenyewe.

Hapa kwetu mazungumzo ya gauti huishia kwenye chakula. Ni kweli kwamba maini, figo, dagaa, kamba, soda zenye sukari na pombe, uraka wetu wa mabibo ukiwamo, huongeza asidi hiyo, nami nimevipunguza. Mbaazi na kunde sikuziacha, kwa sababu purini za mimea hazijaonekana kuongeza hatari ya gauti kama zile za nyama na samaki. Hata hivyo, chakula peke yake hushusha kiwango kwa kiasi kidogo, na urithi na figo vina sehemu kubwa kuliko sahani. Huniuma kusikia mgonjwa akiambiwa kwamba amejitakia.

Kilichonisaidia ni alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, ya kila siku, niliyoanzishiwa miligramu 100 na kuongezewa polepole kwa kufuata vipimo vya damu, lengo likiwa asidi iwe chini ya miligramu 6 kwa desilita. Miezi ya mwanzo ndiyo migumu, kwa kuwa fuwele zinapoyeyuka mashambulio huweza kuongezeka, na wengi huiacha dawa wakidhani imewadhuru. Mimi nilipewa pia kolchisini kidogo, dawa ya kukinga mashambulio hayo, nikaambiwa nisisitishe alopurinoli hata kifundo kikivimba. Ila ukitokwa na vipele, iache mara moja uende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo, kiungo kilichovimba pamoja na homa kionwe na daktari bila kuchelewa, maana huenda ni maambukizi ya bakteria.

Mdogo wangu aliyeko Lindi sasa anaumwa hivyo hivyo, naye hununua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, duka la dawa kila anaposhikwa. Ana presha, na vidonge hivyo vinaweza kuipandisha na kumharibia figo, ambazo ndizo anazozitegemea kutoa asidi. Nimemsihi amwambie daktari dawa zote anazotumia, kwa sababu haidroklorothiazaidi, anayomeza kwa ajili ya presha, hupandisha asidi ya yuriki, ilhali losatani, dawa nyingine ya presha, huishusha kidogo; ila asijibadilishie dawa mwenyewe. Tena arudie kipimo cha asidi hiyo angalau wiki 2 baada ya maumivu kwisha, kwa kuwa katikati ya shambulio kiwango huweza kuonekana cha kawaida, mtu akarudishwa nyumbani akiambiwa hana gauti.