Kabla hujapanda basi kwenda kuchomwa leza usoni

Msimu wa sendofu ukikaribia, simu yangu inajaa picha za nyuso. Mashavu yenye mashimo ya chunusi, madoa ya kidevuni, picha za "kabla na baada" zilizotolewa Instagram, na swali ni lile lile: sista, hii leza inafaa?

Mimi ni muuguzi hapa Mbeya, na kazi yangu ni chumba cha vidonda. Simchomi mtu leza. Ninachokijua vizuri ni kidonda: cha uji wa moto, cha bodaboda, cha mkaa. Nalitazama hili kwa jicho hilo, maana leza ya kulainisha ngozi, yaani mwanga mkali wa mashine, ni kidonda. Umekipanga, umekilipia, kimepimwa kwa mashine, lakini kinapona kwa sheria zile zile za kidonda cha uji.

Leza zinazokwangua ngozi ni hasa mbili, ya kaboni dayoksaidi na ya erbiamu. Zote hufuata maji yaliyomo ndani ya ngozi. Maji yanachemka ghafla, tabaka la juu linaondoka kwa mvuke, na joto linalobaki chini linaisukuma ngozi ijenge kolajeni mpya, ile protini inayoishikilia ngozi. Zamani ilikuwa ni kukwangua uso mzima. Kuanzia 2004 ukaingia mtindo wa kuupiga uso kwa vitundu vidogo sana, kama mashimo ya kupandia mahindi: unachimba hapa, unaruka, unachimba pale, na udongo wa katikati haujaguswa. Ngozi hiyo nzima ya katikati ndiyo inayoziba vitundu haraka. Ipo pia isiyokwangua, inayopasha joto chini na kuliacha tabaka la juu mahali pake. Hiyo inarudiwa mara kadhaa na mabadiliko yake ni ya taratibu, ila kwa weusi wetu hatari yake ni ndogo kuliko ya kukwangua.

Na hapo kwenye weusi ndipo ninapowakalisha watu chini. Ngozi yetu ikiumia huacha doa jeusi. Tazama mguu wako palipoumwa na mbu utotoni. Leza inaweza kuacha doa hilo hilo, ila shavu zima, na likakaa miezi. Madaktari hupanga ngozi kwa namba, 1 nyeupe kabisa mpaka 6 nyeusi kabisa, kwa kipimo alichokianzisha daktari Mmarekani Thomas Fitzpatrick mwaka 1975. Mwanzoni kilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Wengi wetu huku ni 5 na 6. Kwa hiyo anayekushikia mashine muulize: mimi ni namba ngapi, na kwa namba yangu unapunguza nini? Akikujibu "mashine yetu ni ya kisasa, inafaa wote," chukua mkoba wako. Mwambie pia akujaribie sehemu ndogo kwanza, karibu na sikio, msubiri wiki kadhaa muone. Anayekataa kusubiri ana haraka ya pesa.

Juzi alikuja binti wa Tukuyu na mama yake. Shikamoo, marahaba, akavua barakoa. Mashimo ya chunusi pande zote mbili. Harusi Desemba.

"Sista, nataka yaishe kabisa."

Nikamsogeza dirishani, nikamgeuza uso taratibu ili mwanga upite pembeni, maana mashimo huonekana vizuri kwa kivuli. Yale mapana yasiyo na kina yangeweza kupungua. Pale karibu na pua kulikuwa na mengine membamba yaliyoshuka chini kama yametobolewa kwa sindano, na hayo leza haiyafikii vizuri. Daktari ana njia nyingine za kuyashughulikia moja moja. Nikamwambia neno ni kupungua, si kuisha. Na kolajeni haijengwi kwa wiki mbili, matokeo yanaendelea kubadilika kwa miezi mitatu mpaka sita. Halafu nikaona vipele vipya viwili kwenye taya. Chunusi bado ziko hai! Unafukiaje mashimo wakati mchimbaji hajaondoka? Kwanza chunusi zitulie.

Nikamwomba anioneshe bega la kulia, alama ya chanjo ya kifua kikuu. Mama yake akashangaa, uso na bega wapi na wapi. Kama alama ya chanjo au tundu la hereni limevimba likawa nundu, hiyo ni ngozi yenye tabia ya keloidi, na kuikwangua usoni ni kucheza pata potea. Alama yake ilikuwa tambarare, kwa bahati nzuri.

Nikauliza anapaka nini. Kimya. Mama akadakia: "Anapaka zile za sokoni Mwanjelwa, za kwenye vikopo visivyo na jina."

Basi hapo pana hadithi. Nchi hii imepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, ila mkorogo bado unauzwa, na mara nyingi ndani yake kuna steroidi kali. Steroidi ikikaa usoni muda mrefu inaifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa inaonekana, na kidonda kinasuasua kupona. Sigombezi mtu kwa mkorogo, nimechoka kugombeza. Ninachotaka ni umwambie daktari ukweli, na kopo ulibebe akalione. Vivyo hivyo mwambie kama unatumia au ulitumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini. Kwa leza ya kukwangua uso mzima, madaktari wengi hutaka uwe umeviacha kwa miezi sita. Na kama midomo yako hutoka malengelenge kila ukipata homa, useme. Virusi vile vinaamka kwenye uso uliokwanguliwa na kusambaa. Asaikloviri, dawa ya virusi hivyo, inaanzwa mapema kuvizuia, haingoji yatokee. Wenye mabaka ya mimba, yale ya kahawia mashavuni yanayotokea pia kwa vidonge vya uzazi wa mpango, leza inaweza kuyazidisha.

Nani wa kumwona? Daktari bingwa wa ngozi, aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, kwa hiyo hawa watu wapo nchini, hata kama itabidi usafiri. Saluni yenye mashine si kliniki. Chumbani kila mtu avae miwani ya kinga, na wewe macho yafunikwe. Hilo halina mjadala.

Sasa kurudi nyumbani. Watu wa huku tunadanganywa na baridi. Mwezi wa saba unatembea na sweta pale Uyole, pua imeganda, unasema leo hakuna jua. Mji wetu uko kwenye mita 1,700 hivi, na kila mita 1,000 unazopanda, miale ya urujuanimno inaongezeka kwa kama asilimia 10. Jua haliumi, ila linakuchoma. Ukitokea Dar kuchomwa leza, na uso mbichi, usikae dirishani mwa basi. Kioo cha basi kinazuia miale inayounguza, lakini kinapitisha ile nyingine inayoleta weusi, na safari ni ya kutwa nzima. Ukiweza, lala kwa ndugu Dar mpaka ngozi izibe ndipo upande. Baada ya hapo ni kofia pana na sanskrini, mafuta ya kukinga jua, ya SPF 30 kwenda juu, kila siku, hata ya ukungu, kwa miezi.

Siku za mwanzo uso unavimba, unatoa majimaji, unawaka. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa mkono uliosafishwa, kausha kwa kugusa, halafu paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, safu nene kiasi cha kung'aa. Kikauke? Hapana. Kidonda chenye unyevu kinapona upesi kuliko chenye gaga. Vitone vya kahawia vikianza kutoka, viache vidondoke vyenyewe. Hapo ndipo kucha zinapoharibu kazi ya pesa nyingi. Jiko la kuni liwe la mwingine kwa wiki mbili, moshi na joto si vya uso huo. Na shangazi akija na limao, liwa, asali au dawa ya meno, mshukuru, viweke kabatini.

Maumivu yanatakiwa yapungue kila siku. Yakiongezeka siku ya tatu au ya nne, ukiona usaha, malengelenge yaliyojikusanya, au homa ikapanda, usinitumie picha WhatsApp ungoje nitoke zamu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mafuta yako usoni, na useme ulichomwa leza ya aina gani na tarehe ngapi. Kwa hiyo kabla hujaondoka kliniki wakuandikie hayo kwenye karatasi.