Simu ya kufunika kwa mama: nilivyoiandaa kabla ya kumkabidhi

Simu niliyomchagulia mama ni Nokia 2660 Flip, toleo la 2022. Ni ya kufunika, batani zake pana, kioo cha ndani ni inchi 2.8 na cha nje inchi 1.77, hivyo anaona saa na jina la anayepiga bila kuifunua. Betri inachomoka, mAh 1450. WhatsApp haina, Wi-Fi haina, na kamera ya megapikseli 0.3 usiihesabu kama kamera. Kwa mtu wa kupiga, kupokea, kusoma ujumbe na kutoa hela kwa wakala, hakuna kilichopungua. Ninayoyaeleza hapa yanafaa karibu kitochi chochote, cha kufunika au cha wazi, ila majina ya menyu yatatofautiana kidogo. Na yote niliyafanya kabla mama hajaishika. Simu inayotolewa kwenye boksi mbele ya mzee, huku vijana watatu wakimwelekeza kwa mpigo, haimfundishi kitu.

Dukani, kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Haihitaji laini. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na kwa simu ya laini mbili utaziona IMEI mbili. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi na kwenye kibandiko kilicho chini ya betri. Kisha, kwa Tanzania, tuma mojawapo kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu linataja kampuni na modeli. Likitaja modeli nyingine, au likikataa kuitambua, rudisha simu kwa muuzaji hapo hapo. Tangu Juni 2016 simu bandia huzimwa kwenye mitandao ya nchini, na muuzaji wa barabarani hatakuwepo siku hiyo.

Kama simu imeletwa na ndugu kutoka Marekani, angalia mambo mawili zaidi. Ikiwa imefungwa kwa mtandao wa kule, ukiweka laini ya hapa itadai namba ya kufungulia. Pia baadhi ya simu za kule zimetengenezwa kwa masafa ya mawimbi ya megahezi 850 na 1900, wakati 2G yetu, mtandao wa kupiga na ujumbe, iko kwenye 900 na 1800. Simu kama hiyo itawaka vizuri, itapiga muziki, ila alama ya mtandao haitatokea hata ukipanda mlimani.

Simu ya kufunika ina udhaifu ambao kitochi cha wazi hakina, nao uko kwenye bawaba. Ndani yake unapita utepe mwembamba wa umeme, mafundi huuita fleksi, unaounganisha sehemu ya batani na sehemu ya kioo. Ukianza kukatika, kioo hucheza au kubaki cheupe, au sauti hupotea simu ikiwa imefunuliwa hadi mwisho na kurudi ukiikunja kidogo. Kwa hiyo ifunue na kuifunika mara kadhaa dukani huku muziki ukilia. Kingine ni sumaku. Simu nyingi za aina hii hutambua kwamba zimefunikwa kwa sumaku ndogo iliyo upande mmoja na kihisi upande wa pili. Ukiiweka kwenye pochi yenye kifungo cha sumaku, inaweza kuzima kioo ikidhani imefunikwa, na mtu akakimbilia kwa fundi bure. Mama nilimpatia mfuko wa kitambaa wenye zipu.

Laini. Simu hii inachukua laini ndogo kabisa, nano, yenye milimita 12.3 kwa 8.8. Laini ya zamani ya mama ilikuwa ile kubwa ya 25 kwa 15. Wapo wanaoikata kwa mkasi au kwa mashine ya kubana. Tatizo ni unene: laini kubwa ina milimita 0.76 na nano ina 0.67. Ukiikata inaweza kuingia kwa nguvu na kukwama, na ukiivuta inapinda pini za ndani. Nenda kwenye duka la mtandao wenyewe, laini ibadilishwe kwa namba ile ile. Mwenye laini aende mwenyewe na namba yake ya NIDA, zile tarakimu 20, kwa sababu watachukua alama za vidole. Vidole vya mzee aliyelima au kufua miaka mingi husomeka kwa shida kwenye kile kifaa. Afute mikono, apake mafuta kidogo, ajaribu kidole kingine. Usikubali njia ya mkato ya kuisajili kwa jina la mjukuu. Siku ya kubadilisha namba ya siri ya M-Pesa atatakiwa mjukuu, na kila anayetuma hela ataona jina lisilo la mama. Baada ya kuisajili piga *106# uhakiki laini zilizo kwenye kitambulisho chake.

Kile kikadi laini ilimong'olewa usikitupe. Kina PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, tarakimu 8. Ukikosea PIN, namba ya siri ya laini, mara tatu, simu itaidai. Ukiikosea PUK mara kumi, laini imekufa. Mimi PIN ya laini niliizima kabisa, maana mzee akiwasha simu usiku na kukuta inadai namba, ameshakwama.

Kuchaji usihangaike na ule ushauri wa kuiacha saa nane mara ya kwanza. Ulikuwa wa betri za zamani. Hizi za lithiamu zichaji mpaka zijae, basi. Tundu la chaji ni micro USB, lina upande wa juu na wa chini, na ndilo linaloharibika kuliko kitu kingine kwa sababu watu hulazimisha waya ukiwa kinyume. Nilipaka doa la rangi ya kucha nyeupe kwenye kichwa cha waya na jingine kwenye simu, upande unaotakiwa kutazama juu. Doa kwa doa, hakosei hata gizani akiwa na tochi.

Sasa saa, ambayo vijitabu vya maelekezo havitakusaidia. Mama anasema saa moja asubuhi, simu inaandika 7:00. Anayegeuza kichwani haimsumbui, muachie. Kwa anayetaka simu iandike 1:00, zima kwanza kujisahihisha kwa saa kutoka kwenye mtandao, la sivyo itarudi yenyewe, kisha weka mfumo wa saa 12. Hapo una njia mbili: kurudisha saa sita nyuma au kusogeza saa sita mbele. Zote zinaandika 1:00, ila tarehe haifanani. Ukirudisha nyuma, tarehe itabadilika saa kumi na mbili asubuhi. Ukisogeza mbele, itabadilika saa kumi na mbili jioni, jua linapozama, na hivyo ndivyo wazee wanavyohesabu: usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake. Nilisogeza mbele. Matokeo yake ni kwamba PM inakuwa mchana na AM usiku, kwa hiyo kengele ya saa kumi na moja alfajiri inawekwa 11:00 AM. Ijaribu kabla ya kuitegemea. Ujumbe wa M-Pesa utaendelea kuandika saa ya kawaida ndani ya maandishi yake. Mwambie mapema, asije akadhani ametumiwa ujumbe wa jana. Na betri ikichomolewa muda mrefu, saa inaweza kupotea, uipange upya.

Majina niliyahifadhi kwenye simu, si kwenye laini. Laini nyingi hubeba majina kama 250, na jina refu hukatwa, hivyo "Mama Asha wa Kariakoo" na "Mama Asha wa Kanisani" wanaweza kubaki "Mama Asha wa Ka" wote wawili. Niliweka majina yasiyozidi ishirini. Orodha ya mia mbili kwenye batani ni kazi ya kushuka tu. Namba ziandike kwa +255 badala ya sifuri, ili akienda Mombasa kwa dada yake zifanye kazi vile vile. Alama ya + inapatikana kwa kubonyeza nyota mara mbili haraka. Ila ndani ya menyu ya M-Pesa namba ya mtu huandikwa kwa kuanza na 0.

Namba za haraka ni kuanzia 2 hadi 9. Moja kwa kawaida imetengwa kwa sauti zilizohifadhiwa, yaani ujumbe wa sauti anaouacha mtu usipopokea. Mbili nimeweka mwanawe anayekaa karibu, si anayempenda zaidi. Mama anashikilia 2 mpaka simu iite. Kwenye mipangilio ya kupiga, washa kupokea kwa kufunua, na kukata kwa kufunika. Hilo peke yake lilimwondolea haja ya kutafuta batani ya kijani.

Batani ya dharura inahitaji uangalifu kuliko inavyoonekana. Unaiwekea watu hadi watano. Ikishikiliwa, simu inampiga wa kwanza, asipopokea inaenda kwa wa pili, na kuendelea. Akipokea mtu, spika inajiwasha. Wengi huishia hapo. Lakini ikiwa mmoja wao ana huduma ya sauti zilizohifadhiwa, mashine itapokea, simu itahesabu kwamba imepokelewa, na mzunguko utasimama hapo. Mtoe kwenye orodha au azime huduma hiyo. Simu hizi za dharura pia hukatwa salio kama nyingine. Bila salio wala dakika, batani ni pambo. Polisi, 112, hawawekwi humo, wanapigwa kwa mkono na ni bure. Niliwaambia wote watano kwamba wamo, tukafanya jaribio mchana. Mwambie pia asiiweke sikioni simu inapopiga dharura, sauti yake ni kubwa.

M-Pesa ya Tanzania ni *150*00#, ya Kenya *334#. Kwenye simu ya laini mbili itauliza itumie laini ipi. Laini isiyo ya mtandao huo itarudisha ujumbe wa kosa, si kwamba akaunti imefungwa. Mzee hukwama zaidi kwenye kujibu menyu. Kwenye simu janja unaandika tu. Kwenye batani nyingi sharti uchague "Jibu" kwanza, ndipo uandike namba, ndipo utume. Mama tulirudia hatua hiyo kwa kuangalia salio tu, bila kutuma hela, mpaka vidole vikazoea. Akichelewa sana, mtandao unafunga menyu wenyewe. Ikifungwa kabla hajaweka namba ya siri, hakuna hela iliyotoka, aanze upya. Ikifungwa baada ya kuiweka, asirudie: asubiri ujumbe, au aangalie salio kwanza. Kurudia hapo ndiko watu wanakotuma mara mbili. Asiifunike simu menyu ikiwa wazi, maana kwa kawaida menyu hukatika.

Niliihifadhi *150*00# kama jina, "AA HELA", ikae juu kabisa kwenye orodha. Akiipiga kama anavyompigia mtu, menyu inafunguka. Vile vile *102# kama "AA SALIO". Vocha ya kukwangua ni *104*, namba, kisha #. Kama menyu inagoma wakati mtandao umejaa, kwenye mipangilio ya mtandao shusha 4G iwe 2G, ujaribu tena.

Data niliizima. Kuna batani inayofungua intaneti ikiguswa kwa bahati mbaya, na bila kifurushi salio linaisha kimyakimya. Zile jumbe zinazojitokeza zenyewe kwenye kioo zikiuliza "Kubali?" nilimfundisha kujibu kwa batani nyekundu tu, zote, hata zenye bahati nasibu nzuri. Kutabiri maneno kuzimwe pia. Kamusi ya Kiingereza ikikutana na "nimefika" inaandika vituko.

"Simu haiiti, mwanangu, imeharibika." Kwenye batani nyingi ukishikilia # inahamia kwenye ukimya, na kidole gumba kinapumzika hapo hapo. Ashikilie # tena. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha kuuliza kabla hujaenda kumtazama.

Kwa matapeli nimempa sheria fupi. Mtandao ukimpigia, unatumia 100, si namba ya kawaida. "Ile hela itume kwenye namba hii" haijibiwi; anauhamishia ujumbe huo kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha anaufuta.

Kumbukumbu ya ujumbe ikijaa, alama ya bahasha hubaki pale juu na jumbe mpya zinangoja nje, pamoja na uthibitisho wa wakala. Ndiyo maana kila nikienda kwa mama huwa nafuta matangazo yote na kuacha jumbe za hela tu, za miezi mitatu ya karibuni.