Namna Tulivyoipa DT Yetu Pumzi

Kabla ya kuwa pikipiki ya mashindano, Yamaha DT125 yetu ilikuwa ikimbeba afisa wa kilimo, na hilo lilionekana wazi: tulipoinunua mnadani ilikuwa bado na kariya pana ya chuma, taa iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na sauti ya mtu mwenye kifua. Timu ilikuwa ya watu watatu: binamu yangu, ambaye ndiye mwendeshaji, rafiki yetu mchomeleaji wa Kamukunji, na mimi niliyejipa cheo cha fundi mkuu kwa sababu hakuna aliyekitaka. Wenzetu pale Jamhuri, uwanja wetu wa mbio Nairobi, walikuja na YZ na KTM zilizotoka kiwandani zikiwa tayari kwa mbio. Katika mbio zetu tano za kwanza tulishika mkia mara nne, na mara ya tano hatukumaliza.

Kuvua taa na kariya, kupanua silinda kwa ajili ya pistoni kubwa kidogo, na kubadilisha sproketi ya nyuma ni kazi ambazo fundi yeyote anazijua. Kilichoninyima usingizi ni ekzosi.

Karibu kila mtu, wakiwemo walionitoza fedha kwa kuniambia hivyo, alinipa ushauri mmoja. Aliyeutoa kwa uhakika zaidi ni mzee mmoja anayeheshimika sana kwa mambo ya pikipiki: "Kijana wangu, ikate hiyo ekzosi, utoe vya ndani vyote, uiache ipumue." Nikamwitikia "Sawa, Mzee," na jioni hiyohiyo nikashika msumeno. Mlio uliotoka uliwatimua mbwa wa mtaa mzima, na binamu yangu alishuka akitabasamu na kuapa kwamba sasa inaruka. Bahati nzuri sina mazoea ya kuyaamini masikio. Upande wa Ngong kuna kilima cha mita kama 200 kinachoishia kwenye mkaratusi mmoja mkubwa, na kabla ya kukata nilikuwa nimepima kwa simu mwendo wa kutoka chini hadi kwenye mti huo: sekunde 16. Baada ya kukata tulipima mara sita, na mara zote sita haikushuka chini ya 19. Tulikuwa tumenunua kelele.

Aliyenitoa gizani ni Walter Kaaden, kwa maana ya kwamba nilisoma habari zake. Alikuwa mhandisi wa kiwanda cha MZ pale Zschopau, Ujerumani Mashariki, na kufikia mwaka 1961, pamoja na uhaba wote wa vifaa, injini yake ya cc 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka kwenda Magharibi na siri za injini hiyo na ekzosi yake, na mwaka 1962 alikuwa juu ya Suzuki akitwaa ubingwa wa dunia wa cc 50. Nilijiambia kwamba siri ya kuvushiwa mpaka haiwezi kuwa msumeno. Katika injini inayochanganyiwa oili kwenye petroli, kama ya DT yetu, moshi ukitoka kwa kishindo hutanguliwa na wimbi la shinikizo. Wimbi hilo likigonga koni ya mwisho wa ekzosi hurudi nyuma na kuisukuma ndani ya silinda petroli iliyokwisha kuponyoka, kabla pistoni haijaufunga mlango wa moshi. Mimi nilikuwa nimeikata koni hiyo na kuitupa.

Tukatengeneza yetu. Nilikata koni kwa katoni za mafuta ya kupikia, nikazishikanisha kwa gamu na kuzijaribisha chini ya tangi hadi zikapita bila kugusa goti la binamu. Ndipo mchomeleaji akazihamishia kwenye bati la chuma la milimita moja, akalikunja juu ya bomba la maji na kulichomelea kwa gesi, kwa kuwa ya umeme hutoboa bati jembamba. Ujanja ninaojivunia ni huu: shingo ya ekzosi hatukuichomelea moja kwa moja, bali tuliiwekea kiungo cha kuteleza kilichoshikwa na springi, ili tuweze kuongeza au kupunguza vipande vya sentimita moja moja. Ikiwa ndefu, nguvu ilikuja mapema na kuisha mapema. Ikiwa fupi, injini ililala, kisha ikaamka ghafla na kumwinua binamu gurudumu la mbele. Jioni nne tulipanda na kushuka kilima kile, mpaka tukafika mkaratusini kwa sekunde 13 na nukta. Gharama yote ilikuwa elfu sita hivi, mbali na chai. Mbio zilizofuata pale Jamhuri tulikuwa wa nne kati ya kumi na mmoja.

Kiburi kikatupeleka pwani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15, kwa hiyo jeti kuu ya kabureta (kitundu kinachopima petroli) niliyoichagua Nairobi ilikuwa ndogo mno kwa hewa nzito ya kule. Nililijua hilo, na jeti kubwa zaidi zilikuwa mfukoni mwangu, lakini pikipiki ilivuma vizuri hata nikaona haya kuigusa. Mzunguko wa tatu injini ikajifunga. Nilipofungua plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili ya petroli kidogo na joto kali, ilhali ilitakiwa kuwa na rangi ya chai ya maziwa, na pistoni ilikuwa na michirizi ya kupitisha ukucha. Tangu siku hiyo plagi naiangalia kabla ya kusikiliza maoni ya mtu.

Mwezi uliopita yule mzee alipita kwenye gereji yetu, akaizunguka DT mara mbili, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama zile katoni bado zipo. Nilimpa kwa mikono miwili, kama inavyostahili kumpa mtu wa umri wake. Ile ya koni ya mwisho nimesahau kuitia.