Jani limefunguka leo

Leo asubuhi kabla hata sijanawa uso nimeenda dirishani kama nilivyozoea siku hizi, nikakuta limefunguka. Jani jipya! Dogo, kijani cha kung'aa, upande mmoja bado limejiviringisha. Hii ni wiki ya sita tangu niung'oe ule mmea kwenye chungu chake na kwa kweli nilishaanza kukata tamaa.

Ni pothosi, ule wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo. Dada yangu alipohama aliniachia, akaniambia huu haufi hovyo, we mwagilia tu. Basi hilo "mwagilia tu" nikalishika kweli kweli. Majani ya chini yakaanza kuwa ya njano, mengine yakalegea, nikajua ni kiu nikaongeza maji, kesho yake yamelegea zaidi na mimi naongeza tena, na chungu chenyewe hakina tundu chini kwa hiyo maji yote yanatuama humo humo. Kilichonishtua ni harufu, udongo ulinuka kama mtaro.

Kumbe mmea wenye kiu na mmea uliozidiwa maji yote inalegea vilevile. Mizizi nayo inahitaji hewa, ikizama muda mrefu inaoza, na mzizi uliooza haunyonyi kitu, yaani jani linakufa kwa kiu huku chini yake kuna maji tele. Hilo liliniuma sana maana kila nilipokuwa nauonea huruma ndo nilikuwa nauzamisha zaidi.

Kuung'oa ndo nikaona hali halisi. Mizizi karibu yote kahawia, inateleza, ukivuta kidogo ganda linachomoka mkononi unabaki na kauzi kembamba. Mizima ilikuwa mitano tu, migumu, meupe meupe. Nikafuta mkasi kwa spiriti nikakata vyote vilivyooza, nikauhamishia kwenye chungu kidogo chenye matundu (kikubwa udongo wake unakaa na maji mengi ambayo mizizi mitano haiwezi kuyamaliza), udongo nikachanganya na mchanga wa chenga. Mbolea sikugusa kabisa, mizizi iliyojeruhiwa mbolea inaiunguza.

Nikakata na vipande vitatu vya shina nikaweka kwenye glasi ya maji, iwe akiba. Kila kipande kina kifundo, pale jani linapoota, maana mizizi inatokea hapo, jani na kikonyo chake peke yake haliwezi kukupa mmea mpya. Maji nabadilisha kila baada ya siku chache. Vyote vitatu vimeshatoa vimizizi, kimoja kirefu kama kidole.

Ila kwa huu mkubwa kazi ilikuwa ni kutulia. Wiki mbili za kwanza uliangusha majani mengine manne na mimi nipo hapo na jagi mkononi natamani kumwaga, nalirudisha. Nilijifunza kuunyanyua chungu, kikiwa na maji ni kizito, kikikauka unausikia wepesi wake mara moja. Na kidole, nachomeka mpaka kiungo cha pili.

Dada nimemtumia picha ya jani, kanipigia hapo hapo anacheka kwa furaha, kipande chenye mizizi mirefu nimemwekea yeye. Baada ya simu nikachomeka kidole kwenye udongo. Bado kuna unyevu. Leo simwagilii.