Nilivyojifunza kupeleka Komunyo kwa wagonjwa

Jumapili ya kwanza niliyotumwa kupeleka Komunyo kwa wagonjwa nilipita nyumba saba kwa saa moja na nusu. Hakuna aliyerukwa, sala zote nilizisoma kama zilivyo kitabuni, na piksi, kile kichombo kidogo cha kubebea Komunyo, ikarudi kanisani tupu. Niliridhika kabisa. Niliendelea hivyo kwa miezi kadhaa, mpaka bibi mmoja ambaye miguu ilimzuia kufika kanisani kwa zaidi ya mwaka aliponiuliza swali moja.

Nilikuwa nimeshamaliza sala ya mwisho, nakunja kile kitambaa cheupe. Akasema, "Mwanangu, leo mmeimba nini wakati wa kukomunika?" Sikukumbuka. Misa nilikuwepo, lakini muda wote wa Komunyo akili yangu ilikuwa kwenye hesabu ya hostia, ile mikate midogo ya Komunyo, za nyumba saba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: "Na pale pangu, benchi la tatu upande wa Bikira Maria, siku hizi anakaa nani?"

Hilo nalo sikulijua. Niliagana naye, na njia nzima nilikuwa nalifikiria benchi lile.

Kwenye mafunzo ya wahudumu wa Komunyo Takatifu wasio wa kawaida, paroko, padri msimamizi wa parokia yetu, alitufundisha kwamba ruhusa ya walei, yaani waamini wasio mapadri wala mashemasi, kusaidia kugawa Ekaristi aliitoa Papa Paulo VI mwaka 1973, lakini jambo lenyewe la kuwapelekea wasiokuwepo ni la zamani mno. Mtakatifu Yustino, alipoutetea Ukristo mbele ya kaisari wa Roma katikati ya karne ya 2, alieleza kwamba baada ya shukrani mashemasi huwagawia waliopo, kisha huwapelekea wasiokuwepo. Na papo hapo anasimulia mchango wa wenye nacho, unaowafikia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Nilikuwa nimeandika yote hayo kwenye daftari. Baada ya swali la bibi nililifungua tena, nikaona nilivyokuwa nimelikata fundisho hilo katikati. Ekaristi nilikuwa naifikisha, ila ile jamii iliyoiadhimisha nilikuwa naiacha kanisani.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kwa paroko kumwomba anipunguzie nyumba. Ilinibidi nijikaze, maana nilihisi kama nakimbia utume. Yeye alielewa haraka kuliko nilivyotarajia, na zile saba tukazigawana wahudumu watatu.

Kulikuwa pia na agizo nililokuwa nimelielewa vibaya. Kanisa linataka mhudumu atoke mahali Ekaristi inapohifadhiwa aende moja kwa moja kwa mgonjwa, na mwaka 2004 Roma ilikumbusha hivyo waziwazi. Kwangu "moja kwa moja" ilikuwa ni sawa na "haraka". Sivyo. Maana yake ni kutochanganya safari hiyo na shughuli nyingine, kwa heshima ya unayembeba. Ukishafika, hakuna anayekufukuza. Siku hizi tunaanza na sala, tunasoma Injili ya Jumapili hiyo, anakomunika, tunanyamaza pamoja kwa muda. Mazungumzo yanafuata baadaye, piksi ya nyumba ya mwisho ikiwa tupu. Ndiyo sababu wale wenye kiu ya kuongea nawaweka mwisho wa mzunguko.

Katika utulivu huo ndipo niliposikia upya maneno niliyoyasema maelfu ya mara bila kuyafikiri: "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Ni maneno ya akida katika Injili ya Mathayo, na aliyasema kwa sababu nyumbani kwake alikuwa amelala mgonjwa. Kanisani tunayasema wote kwa pamoja na yanapita. Yasikie yakisemwa na mtu aliyelala kitandani, mlango wake umefunguliwa, kitambaa cheupe na mshumaa viko mezani. "Uingie kwangu." Mara ya kwanza nilipoyasikia hivyo sauti yangu ilikwama, ikabidi nisubiri kidogo kabla ya kuendelea.

Jambo jingine nililochelewa kuliona ni wauguzaji. Katika nyumba mojawapo binti alikuwa akimtunza baba yake, na kila nilipofika alisimama mlangoni mikono imekunjwa. Nilidhani ni aibu. Siku nilipomuuliza akasema hajakomunika kwa miezi, kwa kuwa hawezi kumwacha mzee peke yake, na kwamba hata leo ameshakula. Nilimweleza kwamba sheria ya Kanisa inayowaondolea wazee na wagonjwa ile saa moja ya kufunga inawataja pia wanaowatunza. Alilia. Tangu siku hiyo, ninapouliza idadi ya hostia, nauliza na anayeuguza. Kama anataka kuungama kwanza, namjulisha padri, kama ninavyomjulisha mgonjwa akizidiwa, maana Kitubio na Mpako wa Wagonjwa ni kazi yake, si yangu.

Na kuna mzee ambaye koo lilianza kukataa. Mwanzoni nilimvunjia kipande kidogo sana cha hostia nikampa na maji. Ilipofika hatua hata hicho hakipiti, nilidhani ndio basi. Paroko akaja mwenyewe na Damu Takatifu, tone kwenye kijiko, kwa sababu panapokuwa na lazima Kanisa linaruhusu kupokea katika umbo la divai peke yake. Kristo mzima yumo. Mzee alisema "Amina" kwa midomo tu.

Tulimwomba paroko pia atutume mbele ya watu wote. Sasa Komunyo ikimalizika tunasogea altareni, anatukabidhi piksi, na waamini wanatuona tukitoka. Hilo peke yake lilibadilisha mengi. Watu walianza kunifuata wakiuliza mgonjwa fulani anaendeleaje, na kama wanaweza kufuatana nami.

Aliyekaa benchi la tatu nilimpata kwa kumtazama tu Jumapili mbili mfululizo. Alikuwa mama kijana, mgeni parokiani, na mtoto mgongoni. Nilimweleza kuhusu bibi nikamwomba twende wote. Tulipoingia alimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia huku akimtazama kutoka juu hadi chini. Nikasema, "Bibi, huyu ndiye anayekaa pale pako." Alimshika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika kwenye Baba Yetu.

Kila wiki huwa nawauliza wagonjwa kama wana nia ya kupeleka kwenye sala ya waamini. Bibi siku zote alikuwa akiomba kifo chema. Wiki ile alisema niandike kingine, na yule mama akakubali kisomwe. Jumapili iliyofuata msomaji akasimama: "Kwa ajili ya mama wa benchi la tatu, apate kazi na mtoto wake akue na afya. Ee Bwana." Kanisa zima likaitikia, "Twakuomba utusikie."